Mnyororo wa utunzaji wa kielelezo

Mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ni kumbukumbu ya mfululizo inayoonyesha kielelezo kilipitia mikononi mwa nani, tangu kukamatwa hadi kufikishwa mahakamani. Nchini Tanzania ni hoja kuu ya utetezi katika kesi zinazofunguliwa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015.

Kielelezo huanza safari kwenye upekuzi, ambapo hati ya ukamataji mali husainiwa na askari, mshtakiwa na shahidi huru. Kielelezo chenyewe hufungwa kwa lakiri, huwekewa alama, huingizwa katika rejesta ya mtunza vielelezo, kisha hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa. Wakili wa utetezi hukagua kila hatua: je, uzito ulioandikwa kwenye hati unalingana na wa maabara? Lakiri ilikuwa nzima? Ripoti ya Mkemia ilisomwa kwa sauti mahakamani baada ya kupokelewa?

Katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilisisitiza umuhimu wa kumbukumbu za maandishi. Maamuzi ya baadaye yalilegeza msimamo huo: ushahidi wa mdomo unaoaminika unaweza kutosha, hasa kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi.

Msingi wa ukaguzi huu wote ni Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba, inayomhesabu mshtakiwa kuwa hana kosa mpaka ithibitike kuwa analo. Jukumu la kuthibitisha shtaka pasipo shaka hubaki kwa upande wa mashtaka, yaani Jamhuri.