Uzi: Babu zetu walipigania nini kule Burma?

Mnaofuata nyuzi zangu mnajua utaratibu. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama, tunachambua hoja tu. Ya leo husikika kila mara kunapozuka habari ya kupeleka askari wetu nje ya nchi. Upande mmoja husema, "Kwani ni mara ya kwanza? Hata babu zetu walienda Burma wakapigania nchi hii." Upande wa pili hujibu, "Wacha hizo, ile ilikuwa vita ya mzungu." Juzi nimesikia mabishano hayohayo kwenye matatu, mzee mmoja na kijana wa rika langu, na kila mmoja alishuka akiwa na hakika kwamba ameshinda. Mimi naona wote wawili waliliruka swali lenyewe. Kaeni nami, ni ndefu kidogo.

Septemba 1939 Kenya haikuulizwa chochote. Ilikuwa koloni, kwa hiyo Uingereza ilipoingia vitani nayo iliingia siku hiyohiyo. Jeshi lililokuwepo lilikuwa King's African Rifles, KAR, lenye batalioni chache za Wakenya, Waganda, watu wa Tanganyika na wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Kufikia mwisho wa vita, zaidi ya watu 300,000 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevaa sare, na kwa Kenya idadi inayotajwa sana ni kama 98,000. Wengi wao hawakushika bunduki. Walichimba barabara, walipakua meli, waliendesha malori, waliuguza majeruhi.

Walienda kwa nini? Hapa ndipo watu hupenda jibu moja, na halipo. Kuna waliojitolea kwa sababu mshahara wa jeshi ulikuwa afadhali kuliko wa shamba la mlowezi, na kodi ilikuwa inasubiri nyumbani. Kuna vijana waliotaka kuona dunia, kama wewe na mimi. Na kuna walioletwa na machifu ambao walikuwa wamepewa idadi ya watu wa kutoa. Huyu wa mwisho ukimwita mamluki unamkosea, na ukimwita mzalendo aliyejitolea pia unamkosea.

Tuwe waungwana kwa yule mzee wa matatu: mwanzoni kulikuwa na nchi ya kulinda. Julai 1940 Waitaliano waliokuwa Ethiopia waliivamia Moyale na kuishika. Adui alikuwa ndani ya mpaka. KAR pamoja na majeshi ya Afrika Kusini, Nigeria na Gold Coast yakawasukuma nyuma, Mogadishu ikaanguka tarehe 25 Februari 1941 na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mtu akisema babu yake alilinda Kenya kule kaskazini, mimi sina ubishi naye.

Ubishi unaanza baada ya hapo. Mwaka 1942 brigedi moja ya Afrika Mashariki iliyokuwa Massawa, Eritrea, iligoma. Askari walikuwa wamepigana, wamechoka, wanataka likizo ya kwenda kuona watu wao, na badala yake wakasikia wanapelekwa ng'ambo. Mwaka huohuo wengine wakapelekwa Madagaska kupigana na Wafaransa waliokuwa upande wa serikali ya Vichy. Kisha ikaja Asia. Sasa hawa wa Massawa kwangu ni watu muhimu kuliko jenerali yeyote, kwa sababu ndio waliouliza kwa sauti swali ambalo sisi tunaliuliza tukiwa tumekaa kwenye viti: makubaliano yetu yalikuwa yapi? Nani amesema tunaenda mbali zaidi?

Jibu la wakati huo ni kwamba hakukuwa na makubaliano. Kulikuwa na amri.

Mapema Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani walikuwamo watu 1,511, wakiwemo karibu elfu moja wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, mabaharia, na makumi ya wanawake, wengi wao wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iliipiga. Ilizama kwa dakika chache mno, watu wengi wakiwa bado chini ya sitaha. Waliokuwa majini wakishikilia mbao walipata msiba wa pili: manowari za Uingereza zilizokuwa zikiilinda meli ziliangusha mabomu ya kina kuitafuta nyambizi, na baadhi ya waliokuwa wakielea waliuawa na mabomu hayo. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Msongamano wa watu waliopotea siku moja, katika bahari ileile inayopiga ukuta wa Fort Jesus. Mimi nimesoma historia shule ya msingi, nikasoma sekondari, nikaifanya mtihani wa kidato cha nne. Jina la meli hiyo nimekutana nalo chuo kikuu, tena kwa bahati.

Waliofika salama walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Nembo yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Kutoka Ceylon walipelekwa mpaka wa India na Burma, ambayo leo ni Myanmar, na Agosti 1944 wakaanza kushuka bonde la Kabaw kuwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal. Ilikuwa katikati ya mvua. Bonde hilo lilikuwa na sifa mbaya ya malaria, na wakubwa walidhani Waafrika wangeistahimili kuliko wengine. Barabara iligeuka tope la kufika magotini, malori yakashindwa, chakula na risasi zikawa zinadondoshwa kwa ndege. Askari walimeza vidonge vya mepakrini kila siku. Batalioni za Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini zilipigana kilima kwa kilima mpaka Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba. Hapo likajengwa daraja la kuelea lenye urefu wa zaidi ya futi 1,000, na jeshi kubwa la Uingereza na India likavuka kuingia katikati ya Burma.

Kuna jambo la tarehe ambalo hunikaa kichwani. Oktoba 1944, wakati watu hawa wako kwenye tope la Kabaw, ndipo Mwafrika wa kwanza alipoingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Mmoja. Tena aliteuliwa na gavana, hakuchaguliwa na mtu. Kabla ya hapo, masilahi ya Waafrika katika baraza hilo yalisemewa na wazungu. Kwa hiyo vita vilipotangazwa, kodi ilipopandishwa kugharamia vita, askari walipopakiwa melini, hakukuwa na Mwafrika hata mmoja kwenye meza ya kutunga sheria. Jeshini ilikuwa hivyohivyo: Mwafrika wa KAR hakuweza kuwa afisa, hata awe amepigana tangu Moyale.

Basi wakarudi. Na hapa ndipo kijana wa matatu naye anapopotoka, kwa sababu "ilikuwa vita ya mzungu" husemwa kana kwamba inafunga mjadala. Haifungi. Inafungua deni.

Fikiria kiinua mgongo. Nyaraka za serikali ya Uingereza zilizoripotiwa na wanahabari mwaka 2019 zilionyesha kwamba malipo ya mwisho wa utumishi yalipangwa kwa rangi: mzungu wa cheo kilekile, katika jeshi lilelile la Afrika Mashariki, alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika. Si makosa ya karani. Ilikuwa kanuni, imeandikwa, imepigwa mhuri.

Kisha ardhi, na hii mimi naiona nzito kuliko pesa. Kenya ilikuwa na desturi ya kumtuza mwanajeshi kwa ardhi. Baada ya vita vya kwanza, mwaka 1919, serikali ya kikoloni iligawa mashamba zaidi ya elfu moja kwa askari wastaafu wa Kizungu, mengine kwa bahati nasibu iliyochezeshwa ukumbini hapa Nairobi. Sehemu ya ardhi hiyo ilichukuliwa kutoka kwa Wanandi. Waafrika waliobeba mizigo katika vita hivyo, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, walibakiziwa jina la mtaa: Kariokor, kutokana na Carrier Corps. Baada ya 1945 mpango ukarudiwa, walowezi wapya wa Kizungu wakiwemo waliotoka vitani wakasaidiwa kupata mashamba. Aliyetoka Kalewa alirudi kwenye eneo la hifadhi lililojaa watu, akiwa na kipande chake.

Wengi hawakuomba makubwa. Waliweka akiba pamoja, wakataka kununua lori, kufungua duka, kuendesha basi. Wakakutana na leseni. Mtu ameendesha lori la jeshi kwenye milima ya Burma halafu anaambiwa hawezi biashara ya usafiri, au duka lake linakosa kibali. Ukiwa umewahi kuzungushwa kwa kibali na ofisi yoyote unaijua ile hasira, ila ongeza miaka mitano ya vita juu yake.

Mfano unaotolewa sana ni Waruhiu Itote. Alienda Burma na KAR, akawa koplo, akarudi, na baadaye akaingia msituni kama Jenerali China hadi alipokamatwa Januari 1954. Katika kitabu chake, Mau Mau General, anaeleza jinsi mazungumzo na askari wageni kule Asia yalivyomfanya ajiulize anapigania uhuru wa nani. Ni ushuhuda mzuri. Lakini tusiugeuze kuwa historia ya kila mtu. Askari wengi wa Burma hawakuingia msituni, na wengine walikuwa upande wa serikali. KAR yenyewe ilitumika dhidi ya Mau Mau. Batalioni ya 3, ya Wakenya, ilikuwa Malaya tangu 1952 ikipigana na wapiganaji wa msituni wa huko, ikarudi nyumbani 1953 na kupelekwa kwenye misitu ya kwao wenyewe. Mtu akikuambia jeshi la Burma ndilo lililoleta uhuru, muulize pia habari ya hao.

Hasira ya mshahara haikuisha na bendera. Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa Lanet karibu na Nakuru waliasi. Malalamiko yao yalikuwa malipo, na maafisa Waingereza ambao bado walikuwa juu yao. Walikuwa wa 11 Kenya Rifles, iliyoitwa 11 KAR hadi uhuru. Nambari hiyohiyo, 11 KAR, ndiyo iliyobebwa na batalioni ya Kenya kule Kabaw. Waasi walishtakiwa mahakama ya kijeshi, na batalioni ikavunjwa.

Sasa turudi kwenye mdahalo. Tofauti kubwa kati yetu na wale wa Khedive Ismail imeandikwa kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 240(8): Baraza la Usalama wa Kitaifa linaweza kupeleka majeshi nje ya Kenya, kwa idhini ya Bunge. Maneno hayo manne, "kwa idhini ya Bunge", ndiyo yaliyokosekana 1939, 1942 na 1944. Yana nguvu pia. Januari 2024 Mahakama Kuu iliyatumia kuamua kwamba majeshi yanayozungumziwa hapo si polisi, na kwa hiyo Baraza hilo haliwezi kupeleka polisi nje kwa kifungu hicho. Kwa hiyo mdahalo ukianza, kabla ya kuuliza kama nchi fulani inahitaji msaada wetu, uliza idhini ilitafutwa lini, hoja iliyoletwa bungeni ilisema wanaenda kwa muda gani, nani anawalipa, na mtu wao akifa nani anaambiwa, na ndani ya siku ngapi. Baada ya shambulio la El Adde Januari 2016, serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Meli ya 1944 ina hesabu yake hadi mtu wa mwisho, na ilikuwa serikali ya kikoloni. Hilo linaniuma, siwezi kusema halinigusi.

Yule mzee hakukosea kujivunia, na kijana hakukosea kushuku. Ila mzee anatumia wafu wa Kabaw kama saini ya kuidhinisha safari mpya, na wao wenyewe hawakuwahi kuombwa saini.

Karibu na City Stadium pale Nairobi kuna soko linaitwa Burma. Watu hununua nyama pale kila siku. Nimeuliza wanne niliosimama nao kwenye foleni jina limetoka wapi. Mmoja alijua.

Ombi moja. Kama nyumbani kwenu kuna sanduku la bati la baba ya babu, lenye medali au cheti cha kuachishwa jeshi, piga picha kila ukurasa kabla mchwa hawajafika. Angalia mstari wa malipo. Andika kando jina la kijiji na jina la mtu anayekumbuka habari zake, maana waliobaki ni wazee sana.

Wiki ijayo: kwa nini kila uchaguzi hugeuka kuwa mjadala wa bei ya unga.