Nyonga za Kauri na Tanuri la 1998

Kikombe cha kauri kikidondoka sakafuni, hakuna fundi wa kukiunga. Kwa hiyo nilipoanza shahada ya uzamili katika historia ya teknolojia, nilishangaa kusoma kwamba mwaka 1970 daktari mpasuaji Mfaransa, Pierre Boutin, aliwawekea wagonjwa nyonga za kauri.

Alikuwa na sababu. Katika nyonga bandia nyingi za wakati ule, kichwa cha chuma kilizunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Plastiki ilisagika, na vumbi lake, kama ilivyokuja kueleweka baadaye, lilisababisha mfupa wa jirani kuliwa mpaka kiungo kikalegea. Kauri ya alumina ni ngumu, na husagika kidogo mno. Ila ikipata ufa, huvunjika.

Mwaka 1975 watafiti wa Australia walionyesha kwamba zirkonia inaweza kupambana na ufa. Ufa unapoanza, chembe zilizo karibu nao hubadili mpangilio wake, huvimba na kuubana. Katika miaka ya 1980 vichwa vya zirkonia vikaingia hospitalini.

Mwaka 1998 kampuni ya Ufaransa, Saint-Gobain Desmarquest, ilibadilisha tanuri. Badala ya kuchoma fungu moja moja, ilitumia tanuri refu kama handaki, ambamo bidhaa hupita mfululizo. Kisha vichwa vya baadhi ya mafungu hayo vikaanza kuvunjika mapema miilini mwa wagonjwa. Agosti 2001 vikaondolewa sokoni.

Lakini sokoni si mapajani. Kichwa kikivunjika, mgonjwa hurudi kupasuliwa, na daktari hutafuta vipande kimoja kimoja, maana kitakachosalia kinaweza kusaga kiungo kipya. Na wale ambao vyao havijavunjika waliendelea kuvitembelea.

Kinachonisumbua ni kwamba sifa iliyoipa zirkonia nguvu ndiyo udhaifu wake. Chembe zile zinaweza kuvimba hata pasipo ufa, zikichochewa na maji, na mwili wa binadamu umejaa maji. Uchomaji ndio unaoamua zitatulia kwa kiasi gani.

Historia za tiba humtaja Boutin na mwaka wake. Badiliko la 1998 halikuwa uvumbuzi; lilikuwa uamuzi wa kiwandani, wa aina ambayo haipati sura katika vitabu. Mimi ningeanza kuandika kutoka hapo, kwenye tanuri.