Waya Uliosema Kweli

Kumbukumbu ya tarehe 10 Aprili 2009 haikosi sifa. Siku hiyo, katika maabara ya SLAC huko California, leza ya LCLS ilitoa eksirei zenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.15, na wanasayansi wakapata chombo cha kutazamia atomu zikiwa mwendoni. Waliopima elektroni zinazozaa eksirei hizo, kabla hazijazaliwa, hutajwa kwa nadra, na hiyo si haki.

John Madey wa Stanford aliweka msingi wa leza za aina hii mwaka 1971. Claudio Pellegrini akapendekeza hii ya SLAC mwaka 1992. Kikwazo kilikuwa injekta, sehemu inayozalisha elektroni. Fungu la elektroni linatakiwa liwe jembamba na lielekee upande mmoja. Kipimo cha sifa hizo mbili kwa pamoja huitwa emitansi. Mchungaji anaweza kuwabana ng'ombe mlangoni pa zizi, lakini wenye tabia ya kutawanyika watatawanyika mbele ya safari. Kilichoharibikia kwenye injekta hakirekebishiki kilomita moja mbele.

Injekta ilisimikwa mwishoni mwa 2006. Ripoti ya Ron Akre na wenzake inasema kufikia Agosti 2007 lengo lilithibitishwa: emitansi ya maikromita 1.2 kwa fungu la nanokulombi 1. Walibadilisha nguvu ya sumaku hatua kwa hatua, wakipima upana wa mwale wa elektroni kila mara.

Upana ulisomwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni bamba jembamba la metali linalotoa mwanga elektroni zinapolipenya, kamera ikapiga picha. Ya pili ni waya unaokatishwa kwenye mwale huku mionzi inayotawanyika ikipimwa. Kamera hutosheka na fungu moja tu; waya hutaka mengi.

Hapo ndipo kamera ilipoanza kudanganya. Ndani ya mafungu mlikuwa na mistari midogo ya msongamano, elektroni zikang'aa kwa pamoja, mwanga ukazidi kupita kiasi, na picha ikapoteza umbo halisi la mwale. Chanzo kilikuwa uzuri wenyewe wa injekta: mwale hafifu usingezua kisa hicho. Waya haukujali mng'ao, ukaendelea kutoa majibu. Baadaye leza nyingine iliwekwa kuzitofautisha kidogo nishati za elektroni ili mistari ififie, lakini hata hivyo kamera haikurudishiwa imani yote.

Mwaka 2023 ikafuata LCLS-II, yenye injekta mpya. Sifa zikigawanywa tena, wapima mwale waanze kupewa: bila namba zao, sumaku za mwisho, ambamo elektroni huzaa eksirei, zingefungwa kwa kubahatisha.