Wapuritani na mwanamke waliyemfukuza Boston

Wapuritani walikuwa Waprotestanti wa Uingereza walioamini kwamba Kanisa la nchi yao liliachana na Roma nusu nusu. Malkia Elizabeth wa Kwanza aliporudisha Uprotestanti mwaka 1559, alibakiza maaskofu, kanzu nyeupe za makasisi, ishara ya msalaba katika ubatizo na kupiga magoti kwenye Meza ya Bwana. Wapuritani walisema jambo ambalo Biblia haikuliamuru halina nafasi katika ibada. Mfalme James wa Kwanza aliwasikiliza Hampton Court mwaka 1604, akawakatalia karibu yote, ila akakubali tafsiri mpya ya Biblia, iliyotoka mwaka 1611.

Mwaka 1620 meli ya Mayflower ilivuka Atlantiki na abiria 102, wakiwemo waumini waliokwisha kujitenga kabisa na Kanisa hilo. Mwaka 1630 likafuata kundi kubwa zaidi chini ya John Winthrop, likaanzisha Boston, mji utakaotimiza miaka 400 mwaka 2030. Kufikia 1640 watu wapatao 20,000 walikuwa wamehamia New England.

Maisha yao yalizunguka nyumba ya ibada, jengo lisilo na msalaba, sanamu wala kinanda. Sabato ilianza Jumamosi jioni, na Jumapili walisikiliza mahubiri asubuhi na alasiri. Ndoa ilifungwa mbele ya hakimu kwa kuwa waliihesabu mkataba wa kiraia. Krismasi hawakuiona katika Maandiko, hivyo kuanzia 1659 hadi 1681 aliyeisherehekea Massachusetts alitozwa faini ya shilingi 5. Hata hivyo, picha ya watu wenye nguo nyeusi wasiojua raha inawaonea: walivaa nguo za rangi na walikunywa bia mezani.

Kusoma kulikuwa sehemu ya imani. Chuo cha Harvard kilianzishwa mwaka 1636, na sheria ya 1647 ilitaka kila mji wenye familia 50 uwe na mwalimu. Mtu aliyefundishwa kusoma Biblia, hata hivyo, hakukosa kuielewa kwa namna yake, na hapo ndipo palipozuka ugomvi mkubwa.

Anne Hutchinson, mkunga na binti wa kasisi, alifika Boston mwaka 1634 akimfuata mhubiri wake, John Cotton. Kila wiki alikusanya wanawake nyumbani kwake kujadili mahubiri. Wanaume nao wakaanza kuja, hata gavana kijana Henry Vane. Anne alidai kwamba karibu wahubiri wote wa koloni, isipokuwa Cotton na wachache, waliwaelekeza watu kutafuta wokovu kwa matendo badala ya neema. Shutuma hiyo iligusa kiini cha imani yao, tena ilitoka kinywani mwa mwanamke.

Novemba 1637, baada ya Vane kushindwa uchaguzi, Anne alisimamishwa mbele ya Winthrop, aliyekuwa mwendesha mashtaka na hakimu kwa pamoja. Maswali na majibu yaliandikwa, na kilembwe wake Thomas Hutchinson akayachapisha mwaka 1767. Ukiyasoma kando ya maandishi ya Winthrop, aliyemchukia waziwazi, ni dhahiri nani alijua hoja zake. Anne alipoulizwa kwa nini anafundisha, alijibu kwa waraka wa Tito, unaowaagiza wanawake wazee wawafundishe vijana. Siku ya pili alisema Mungu humfunulia mambo moja kwa moja rohoni. Hilo likawatosha mahakimu: walimhukumu kufukuzwa, na wanaume zaidi ya 50 wa Boston wakanyang'anywa silaha kwa kuwa upande wake.

Machi 1638 kanisa la Boston nalo likamtenga. Mwanamke mwenzake, Mary Dyer, alitoka naye mlangoni. Miaka 22 baadaye Boston ilimnyonga Dyer kwa kuwa Mkweka, yaani muumini wa dhehebu la Quaker. Anne alihamia Rhode Island, kisha eneo la Waholanzi, alikouawa na wenyeji wa huko mwaka 1643 pamoja na watoto wake kadhaa.

Ukali huo haukuishia kwa ndugu wa imani. Mwaka ule ule wa 1637 askari wa makoloni waliteketeza kijiji cha Wapequot, kabila la wenyeji, huko Mystic, wakaua mamia, wakiwemo watoto, na mateka wengine wakauzwa utumwani. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi huko Salem.

Uingereza, Wapuritani walipigana na Mfalme Charles wa Kwanza, aliyekatwa kichwa mwaka 1649. Baada ya ufalme kurudi, makasisi wapatao 2,000 walipoteza nafasi zao. Huko Marekani Wapuritani waliacha urithi wa shule, mikutano ya mji na makanisa yanayojitawala. Katika mojawapo ya makanisa hayo, jimboni New York, mwanamke, Antoinette Brown, aliwekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1853.

Marekani huwakumbuka abiria wa Mayflower kila Novemba kwa sikukuu ya taifa. Anne alisubiri hadi 1922 kupata sanamu kwenye jengo la serikali Boston, na hukumu yake haikufutwa hadi 1987, kwa msamaha wa Gavana Michael Dukakis. Miaka 350 ni aibu kwa jimbo linalojivunia elimu. Huko Salem nako haki ilichelewa: Elizabeth Johnson, wa mwisho kati ya waliohukumiwa kwa uchawi, alisafishwa jina mwaka 2022.