Chakula cha Kulea Yin: Historia ya Ushauri wa Lishe katika Tiba ya China

Tiba ya jadi ya China huiona afya kama mizani ya yin na yang. Yang ni joto na mwendo. Yin ni ubaridi, utulivu na majimaji yanayolainisha mwili. Yin ikipungua, joto hukosa wa kulizuia. Koo hukauka, jasho hutoka usiku, viganja na nyayo huwaka, ulimi huwa mwekundu wenye utando kidogo, na mapigo ya mshipa huwa membamba na ya haraka. Mgonjwa wa namna hiyo hushauriwa kwanza kuhusu chakula chake, na ushauri huo umejengwa hatua kwa hatua kwa karne nyingi.

Misingi yake ni ya kale. Kitabu cha taratibu za utawala wa Zhou kinataja matabibu wa chakula miongoni mwa matabibu wa mfalme. Mnamo mwaka 200 hivi, Zhang Zhongjing aliandika dawa ya koo linalouma pamoja na kuharisha na fadhaa ya moyo: ngozi ya nguruwe ichemshwe, makapi yatolewe, asali na unga wa mchele viongezwe, kisha mchanganyiko ugawanywe katika dozi sita na kunywewa ukiwa vuguvugu. Katika karne ya 7, Sun Simiao alifundisha kwamba tabibu aanze na chakula, na dawa zifuate pale tu chakula kinaposhindwa.

Aliyeufanya upungufu wa yin kuwa kiini cha tiba ni Zhu Zhenheng, ajulikanaye pia kama Zhu Danxi, aliyezaliwa mwaka 1281 huko Yiwu, katika jimbo la Zhejiang la leo. Zama zake, matabibu wengi walifuata kitabu cha dawa kilichotolewa na serikali ya nasaba ya Song. Dawa nyingi za kitabu hicho zilikuwa za moto na zenye harufu kali, na baadhi ya viungo vyake, kama ubani wa Arabia ya kusini na Pembe ya Afrika, vilifika China kwa merikebu. Zhu aliona kwamba dawa hizo zilikausha miili iliyokwisha kukauka. Katika kitabu chake cha mwaka 1347 alishikilia kwamba kwa binadamu yang huzidi daima na yin hupungua daima: yin huchelewa kukomaa ujanani, huwahi kwisha uzeeni, na katikati huunguzwa na tamaa za chakula na za mwili.

Ushauri wake wa lishe ulitokana na hoja hiyo. Alitenganisha ladha za asili na ladha za kutengenezwa na watu. Nafaka, kunde, mboga na matunda, alisema, vina ladha ya upole inayojenga yin. Mapishi mazito yenye viungo vingi huleta maradhi. Kula kidogo na kula chakula kisichokolezwa ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe, na ilikuwa dawa ambayo hata maskini aliimudu.

Hata vyakula vya kulainisha aliviwekea mpaka. Mama yake, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alisumbuliwa na choo kigumu. Zhu alimpa uji uliotiwa maziwa ya ng'ombe na mafuta ya nguruwe. Choo kililainika kwa muda, lakini mafuta yalirundikana mwilini, na kiangazi kilichofuata mama akatokwa na kidonda ubavuni. Zhu alikiandika kisa hicho katika makala yake kuhusu malezi ya wazee, ili watoto wengine wajihadhari.

Wakati wa nasaba ya Qing, magonjwa ya homa yalileta sura mpya. Ye Tianshi (1667–1746) alisisitiza kulinda yin ya tumbo, na Wu Jutong akayapanga mafundisho hayo katika kitabu cha mwaka 1798. Kwa mgonjwa ambaye homa imemkausha hadi anatema povu jeupe linalonata, Wu aliagiza maji ya vitu vitano: peasi, viazi vidogo vya majini, mizizi mibichi ya matete, mizizi ya mmea uitwao maidong, na mizizi ya yungiyungi au miwa. Kiasi cha kila kimoja kiliachwa kwa busara ya tabibu. Kinywaji kilinywewa baridi, na asiyependa baridi alipashiwa juu ya maji ya moto. Mwaka 1861, Wang Shixiong alitoa kitabu kilichoeleza zaidi ya vyakula 300 vya kila siku, akiyasifu peasi na miwa kuwa dawa zilizotayarishwa na maumbile.

Sambamba na hayo, ulikua mkondo wa vyakula vya anasa. Kitabu cha dawa cha Wu Yiluo cha mwaka 1757 kilikisifu kiota cha mbayuwayu kwa kulea yin ya mapafu, na viota hivyo viliagizwa kutoka visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia. Jongoo bahari naye alipata heshima mezani na katika tiba. Soko lake limefika hadi pwani ya Afrika Mashariki, ambako wavuvi humpasua, humchemsha na kumkausha ili asafirishwe, ingawa wenyeji kwa kawaida hawamli.

Kuanzia mwaka 1956, serikali ilipofungua vyuo vya tiba ya jadi Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, dalili na vyakula vilipangwa katika vitabu vya kiada. Orodha inayotumika leo hutaja peasi, nyama ya bata, ufuta mweusi, forosadi, tofu, mayai na uyoga mweupe wa kuchemshwa kwa sukari. Hukataza pombe, pilipili, tangawizi nyingi, nyama ya kondoo na vyakula vya kukaangwa, na huhimiza usingizi wa kutosha.

Tiba ya kisasa haiutambui upungufu wa yin kama ugonjwa, na jasho la usiku au kiu isiyokatika huweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kisukari au maradhi ya tezi ya shingo. Kwa hiyo vipimo vya hospitali hutangulia. Baada ya hapo, katika mkusanyiko huu mrefu wa mafundisho, sehemu inayofaa zaidi kwa watu wengi ni ile ya Zhu: nafaka, kunde, mboga na matunda, kwa kiasi. Viota na jongoo bahari viliongezwa baadaye, na havikuwa msingi wa ushauri huo.