Mvua ya Mwaka Gani?

Kila Nairobi ikifurika, swali huwa lile lile: wataalamu walikuwa wapi? Utalisikia kwa matatu, utalisikia kwa kinyozi, utalisikia kwenye video ya gari linaloelea barabarani huku anayerekodi akicheka kwa uchungu. Jibu linaudhi kidogo. Wataalamu walikuwepo. Wamekuwepo tangu 1899, na karibu kila kizazi chao kiliandika kuhusu maji ya mji huu. Mimi nadhani shida iko kwa kile walichofunzwa kuona.

Nayasema haya kutoka pembeni. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliposhindikana, na sasa mojawapo ya kazi zinazonilipia nyumba ni kuandika ripoti za warsha. Wahandisi, wapangaji miji na maafisa wa bajeti wanaitwa hotelini siku tatu, wanafunzwa kupanga kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, mimi nakaa nyuma na laptopu naandika kila kitu. Ukikaa nyuma sana unaanza kujiuliza: haya mafunzo yalianzia wapi? Nikaanza kusoma mipango ya zamani.

Reli ilifika hapa Mei 1899. Wahandisi walitaka mahali tambarare pa kupanga mabehewa na kujitayarisha kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Wamaasai walikuwa wameshapaita kwa maji yake: Enkare Nairobi, maji baridi. Kwa kazi ya reli, uwanda ulifaa. Kwa makazi ya watu, kilikuwa kinamasi. 1902 tauni ikazuka kwenye soko la Wahindi, soko likachomwa moto, na madaktari wa serikali wakashauri mji uhamishwe. Haukuhamishwa. Reli ilikuwa imeshajenga, na pesa zilikuwa zimeshazama.

Mji usipohama, watu ndio watapangwa. 1913 serikali ya koloni ilimleta Profesa W. J. Simpson, bingwa wa afya ya miji, naye akashauri watu watengwe kwa rangi. Lugha aliyotumia ilikuwa ya usafi na magonjwa, lugha ya kitaalamu kabisa. Wazungu walikaa kwenye miinuko ya magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu unaopitisha maji. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Na mito yote ya Nairobi inaelekea huko huko mashariki, hadi Athi. Kwa hivyo ukishangaa kwa nini mafuriko yanajua sana njia ya Eastlands, jua kuna mtu aliyewahi kuchora ramani.

1948 ukaja mpango mkuu. Jina lake halikuficha kitu: mpango wa mji mkuu wa koloni. Waliouandika walikuwa watatu kutoka Afrika Kusini: Thornton White, profesa wa usanifu majengo Cape Town, Silberman mwanasosholojia, na Anderson mhandisi. Walipanga mitaa ya wafanyakazi karibu na viwanda, na wakasema wanafuata misingi ya sayansi isiyojali rangi. Ila ardhi walikuwa wameikuta imeshagawanywa. Sayansi yao ilianza kupima baada ya dhuluma kumaliza kazi.

Uhuru ulikuja 1963, na wapangaji wetu wenyewe wakahitajika. 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha upangaji wa miji na mikoa katika kiwango cha uzamili. Ilikuwa hatua kubwa. Mkenya angeweza sasa kusomea kazi hii akiwa hapa, akitazama mji ambao angeupanga. Lakini vipimo ambavyo wataalamu wangetumia kazini vilikuwa na safari yao wenyewe.

Chukua mtaro wa kando ya barabara. Mhandisi hawezi kukisia upana wake. Anauliza: mvua kubwa kiasi gani inatarajiwa mahali hapa? Kuna kitu kinaitwa mvua ya miaka 10, yaani mvua ambayo kila mwaka ina nafasi moja kati ya kumi ya kunyesha au kuzidishwa. Anachukua kiasi hicho, anapiga hesabu ya maji yatakayotiririka, anapata ukubwa wa mtaro au kalvati. Hesabu hizo kwa eneo letu ziliwekwa sawa miaka ya 1970 na maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara, TRRL. 1974 walitoa njia ya kukadiria mvua kubwa za Afrika Mashariki, na 1976 wakatoa modeli ya mafuriko, iliyotokana na vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Ilikuwa kazi safi. Wahandisi wa huku wameitumia kwa miongo.

Ila njia hiyo inategemea imani moja ambayo huwa haitajwi: kwamba mvua ya kesho itafanana na ya jana. Ukikusanya rekodi za kutosha za zamani, umeijua mbingu. Na mbingu nayo imebadilika. Hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na mvua ikiamua kushuka inashuka kwa hasira. Isitoshe, ardhi yenyewe imefunikwa. Mahali palipokuwa na nyasi 1976, leo pana lami, mabati na maegesho ya magari.

Kwa warsha moja, mhandisi wa kaunti aliinua mkono akauliza swali fupi: "Sasa mwalimu, nikirudi ofisini, nitumie mvua ya mwaka gani?" Ukumbi ulinyamaza. Mwalimu alikuwa na picha za barafu zinazoyeyuka na mishale ya joto la dunia, jibu la mtaro hakuwa nalo. Chai ikatangazwa.

Swali lile ndilo kiini cha haya mafunzo yote. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inataka somo hili liingizwe kwenye mitaala ya elimu ya viwango vyote, na inazipa taasisi za umma na kaunti majukumu. Kupitia mpango wa FLLoCA, pesa zimetengwa kwa kaunti, na hadi kwenye wadi kuna kamati za kupanga. Mafunzo si haba. Lakini mtu anaweza kufunzwa kupima mvua mpya na bado akaendelea kuona watu kwa jicho la Simpson.

Tuliona hivyo 2024. Mvua za masika ziliua karibu watu 300 nchini. Serikali ikaamuru walio kando ya mito wahame, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Kwenye mabango na hotuba, sababu ilikuwa usalama. Hakuna anayebisha kwamba kulala mita chache kutoka kwa mto uliojaa ni hatari. Lakini ukingo unaolindwa kisheria hupimwa kati ya mita 6 na 30, na kuna majengo makubwa ya mawe yaliyo ndani ya kipimo hicho ambayo hayakuguswa. Maji yalitajwa, na waliohamishwa walikuwa wale wale.

Kuna kizazi kingine cha mafunzo, na hakikuanzia hotelini. Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la upangaji. Ni zaidi ya familia 100,000, kuanzia Kwa Njenga hadi Viwandani. Zaidi ya mashirika 40 yaliingia: vyuo vikuu, mawakili, wahandisi, wataalamu wa afya. Walioshika usukani wa mtaani walikuwa Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi lililoanza 1996 likipinga ubomoaji. Wakazi walijipanga kwa mtindo wa nyumba kumi, wakakaa na wapangaji na kubishana kuhusu mitaro, vyoo na barabara. Upana wa barabara ulijadiliwa upya, kwa sababu vipimo vya kawaida vingebomoa nyumba nyingi mno. Profesa alilazimika kueleza kila mita mbele ya mtu ambaye mita hiyo ni kitanda chake.

Tangu 2020 sehemu ya mpango ilianza kujengwa: lami, mabomba ya maji, mabomba ya majitaka. Halafu 2021, ndani ya eneo hilo hilo, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba kupisha barabara. Kwa hivyo sisemi Mukuru ni hadithi ya ushindi. Mpango mzuri haujamfunga breki dereva wa tingatinga. Nasema tu kwamba ni mara chache, tangu reli ifike, mtaalamu wa mji huu amelazimika kujibu kwa watu wa bondeni kabla ya kutia sahihi.

Na hata lile swali la mhandisi lina sehemu ya jibu huko. Vipimo vya hali ya hewa vitampa milimita, na anavihitaji. Lakini mama anayeuza mboga karibu na Mto Ngong anaweza kukuonyesha kwa kidole maji yalifika wapi kwenye ukuta 2024, yalitokea upande gani, na ni mtaro upi uliziba kwanza. Anaweza pia kukwambia ni jengo la nani lililoubana mto pale juu. Yote hayo ni data ya mpango. Hayamo kwenye vitabu vya 1974, na hayatakuwemo kwenye vitabu vipya kama mwanafunzi wa upangaji atafuzu bila kuketi naye, kalamu mkononi, na kuandika anachosema.