Mhitimu wa Historia Anapoitwa kwa Jina Jingine

Mwaka 1968 wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Dar es Salaam, wakati chuo chao kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini na madaftari yao kuwatafuta wazee waliokuwa watoto au vijana vita vya Maji Maji vilipolipuka katika milima ya Matumbi mwishoni mwa Julai 1905. Walitaka kujua maji ya dawa yalifikaje kijijini, nani aliyaamini na nani aliyashuku, na kwa nini kijiji kimoja kiliingia vitani ilhali jirani yake kilikaa pembeni. Walichokipata kilikusanywa katika makala za Mradi wa Utafiti wa Maji Maji, na hadi leo ni vigumu kuandika kwa makini juu ya vita hivyo bila kupita hapo.

Idara yao ilikuwa changa. Ilianzishwa mwaka 1964 chini ya Terence Ranger, na ndani ya miaka michache ikawa na watu kama John Iliffe, Walter Rodney, Isaria Kimambo na Arnold Temu. Kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Kimambo na Temu kilitoka mwaka 1969. Katika miaka hiyo swali la mhitimu wa historia atakula nini halikuwa na uzito, kwa sababu serikali changa ilikuwa ikimsubiri mlangoni. Wizara, wilaya, balozi na shule, zote zilihitaji watu.

Lakini kuna jambo jingine katika safari zile za 1968 ambalo mjadala wa ajira hulisahau. Mwanafunzi aliyekaa na mzee wa Kimatumbi alisikia habari moja, akavuka bonde akasikia habari nyingine, kisha akarudi na kukuta ofisa wa Kijerumani ameandika ya tatu. Akalazimika kuamua lipi lina uzito, na kueleza kwa nini. Ufundi wa historia ni huo. Tarehe na majina ya wafalme ni malighafi tu. Hoja ya makala haya ni kwamba ufundi huo unatafutwa sana Afrika Mashariki, tena na watu wenye fedha na mamlaka, ila unatafutwa kwa majina mengine. Aliyesomea historia hajui kwamba anaitwa yeye, na anayeita hajui amwite nani.

Jina alilobaki nalo mhitimu wa historia Tanzania ni moja: mwalimu wa sanaa. Jina hilo lina historia yake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata ziliota kila upande, na walimu hawakuwepo. Vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa madarasani. Wananchi, ambao hawakosi jina la kitu, wakawaita walimu wa "voda fasta". Ili kuziba pengo kwa njia ya kudumu, vyuo vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa vilifunguliwa mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007. Kijana wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) aliyemaliza kidato cha sita alikuwa na njia iliyonyooka: shahada ya sanaa na elimu, masomo mawili ya kufundishia, kisha subiri barua ya kupangiwa kituo.

Njia ikajaa. Walimu wa historia, Kiswahili na jiografia walizalishwa kwa wingi, huku shule zikiendelea kulia na hisabati na fizikia. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira kwa muda ili ihakiki watumishi hewa, na ajira ziliporudi kipaumbele kilikwenda kwa walimu wa sayansi na hisabati. Hapo ndipo kejeli ya mtaani ilipopata nguvu: umesomea historia, sasa utafanya nini, utatuhadithia Vasco da Gama?

Kejeli hiyo inasahau kilichotokea mwaka uliofuata. Aprili 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na ndani yake walitajwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tuache siasa zake. Tutazame kazi yenyewe. Mtu anashika hati, anauliza imetoka wapi, nani aliitoa, namba yake inalingana na daftari la aliyeitoa au hailingani, na jina la mwenye hati ndilo la aliyeketi kwenye chumba cha mtihani. Wanahistoria huiita kazi hiyo uhakiki wa vyanzo, na hufundishwa mwaka wa kwanza. Kwa namna yake, zoezi lililotikisa utumishi wa umma nchi nzima lilikuwa somo la mbinu za historia, ingawa hakuna aliyelitaja kwa jina hilo.

Ukiingia masjala ya ofisi yoyote ya serikali utaona jambo lile lile kwa karibu zaidi. Jalada la kiwanja chenye mgogoro hufunguliwa na ndani yake kuna barua zilizopewa namba moja baada ya nyingine, madokezo ya maofisa waliokwishastaafu, ramani iliyokunjwa mara nne, muhuri wa halmashauri uliofifia. Namba 17 ipo, 18 haipo, 19 ipo. Mhudumu wa kawaida ataona karatasi. Aliyefundwa historia ataona pengo, na atauliza nani alinufaika barua hiyo ilipopotea, na kama nakala yake haikubaki kwenye jalada la ofisi iliyoandikiwa. Na bado, ukisoma tangazo la nafasi ya Afisa Kumbukumbu, sifa inayotakiwa ni shahada ya utunzaji kumbukumbu na nyaraka. Mhitimu wa historia hatajwi. Si kosa la waliosomea kumbukumbu, maana nao wana ujuzi wao wa kupanga, kuhifadhi na kuteketeza kwa sheria. Kosa ni kudhani kwamba kulitunza jalada na kulisoma ni kazi moja.

Mfano mzito kuliko yote unatoka Kenya, na unastahili nafasi. Juni 2009 wazee watano walioteswa wakati wa hali ya hatari ya enzi za Mau Mau walifungua shauri London dhidi ya serikali ya Uingereza. Kwa miaka mingi madai kama hayo yalipuuzwa, kwa sababu yalikuwa neno la mzee wa Nyeri dhidi ya neno la dola. Kilichobadilisha hali ni mambo mawili yanayojulikana vizuri katika ufundi wa historia. La kwanza ni masimulizi: Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imekusanya shuhuda za walionusurika. La pili ni nyaraka. Wanahistoria watatu, Caroline Elkins, David Anderson na Huw Bennett, walitumika katika shauri hilo kama mashahidi wataalamu. Anderson alishikilia kwamba kuna majalada yaliyosafirishwa kutoka Nairobi kwenda Uingereza wakati wa uhuru ambayo hayakuwahi kufika kwenye nyaraka za taifa. Alijuaje? Kwa kusoma yaliyopo na kuona yanarejea yasiyokuwepo, yaani kwa kuona namba 18 inakosekana. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa ikihifadhi katika jengo lake la Hanslope Park maelfu ya majalada ya makoloni 37 ya zamani, ya Kenya yakiwemo.

Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 katika makubaliano yaliyohusu wadai 5,228. Mawakili ndio waliosimama mbele ya jaji, na sifa ni yao. Lakini bila watu wanaojua jalada linavyozungumza, na linavyonyamaza, mawakili wangekuwa na huruma tu ya kuwasilisha.

Wapo watakaosema hao watatu ni wanazuoni wa vyuo vikubwa vya Marekani na Uingereza, si mhitimu wa kawaida wa Chang'ombe au Maseno. Ni kweli, na hapo ndipo penye uchungu. Historia ilikuwa ya Wakenya na mateso yalikuwa ya Wakenya, ila ushahidi wa kitaalamu ulitoka ng'ambo. Mashauri ya dhuluma za kihistoria juu ya ardhi hayajaisha, iwe Kericho, iwe Pwani, na kila moja litahitaji mtu wa kuketi na wazee asubuhi na kuketi na majalada mchana. Mawakili wapo wengi, lakini watu wa kazi hiyo ni wachache, na waliopo hawajui kama kuna ofisi ya sheria inayoweza kuwalipa.

Upande wa Tanzania mlango mwingine unafunguka polepole kutokea Ujerumani. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na kizazi chake kimeendelea kulitafuta fuvu lake huko Ujerumani. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha. Mwaka huo huo watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha mafuvu machache yaliyokuwa kwenye maghala yao na ndugu walio hai huku Tanzania. Vinasaba ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna mtu anayepaswa kujua kifaa au mfupa ulichukuliwa na nani, kituo gani cha kijeshi, meli ipi, daftari lipi la makumbusho. Kazi hiyo ina bajeti, ina mikataba ya miaka miwili au mitatu, na inahitaji watu wa pande mbili, Ujerumani na Tanzania.

Tanzania ina mtaji wake. Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa, Upanga, yaliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Tatizo ni kuyasoma. Sehemu yake imeandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, wenye herufi kama meno ya msumeno, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hulazimika kufundishwa. Kijana wa Songea au Kilwa anayejua Kiswahili, lugha ya kwao na mwandiko huo angekuwa mtu adimu kwelikweli. Ni idara ngapi zinazomshauri mwanafunzi wake ajifunze Kijerumani? Ushauri unaosikika zaidi ni ule wa GPA.

Na GPA ina sababu ya kusikika. Njia ya kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi imefungwa kwa kitasa cha 3.8, na anayeikosa kwa nukta moja anahesabika ameanguka. Wengine hupitia uzamili kwa kujilipia, mara nyingi wakiwa tayari wanafundisha shule binafsi. Wapo pia waliosomea historia pamoja na Kiswahili na ambao lugha ndiyo iliyowavusha bahari: programu ya Fulbright huwapeleka vijana wa Kenya na Tanzania kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Aliyekwenda kama mwalimu wa lugha hurudi akiwa ameona namna maombi ya uzamivu yanavyoandikwa. Ni njia ya kuzunguka, lakini ni njia, na inaonyesha kwamba somo la pili la kufundishia, lililochukuliwa kwa mazoea, linaweza kuwa na thamani kuliko la kwanza.

Haya yote yasichukuliwe kuwa dharau kwa ualimu. Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na kufundisha Pugu, historia ikiwa miongoni mwa masomo yake, na jina la Mwalimu lilimkaa hadi kaburini. Tena ualimu wenyewe umebadilika. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Ghafla mwalimu aliyesoma ukabaila, ubeberu na kinyang'anyiro cha kugawana Afrika kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi shahada anatakiwa ayaeleze kwa lugha anayoitumia nyumbani, na anagundua kwamba mambo aliyokuwa akiyakariri hakuwahi kuyaelewa sawasawa. Kuna kazi hapa ya kuandika vitabu, kuhariri, kutafsiri vyanzo, kuandaa vipindi vya redio. Kazi hiyo inamhitaji mwanahistoria, lakini atakayetangulia kuikamata ni yeyote mwenye kalamu nyepesi.

Hoja ya wapinzani ni ya soko: serikali haina fedha za kusomesha watu wa fani isiyo na ajira. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kazi zenyewe zisingekuwepo. Zipo, ila zimegawanywa kwa vipande baina ya kada ambazo hakuna hata moja inayofundishwa ufundi wote. Mfano ni mpaka wa Ziwa Nyasa. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 unaotaja ufuko wa mashariki. Tanzania inadai mstari wa katikati ya maji, na ramani za wakati wa utawala wa Waingereza zenyewe hazikubaliani. Mtu wa kuzipanga ramani hizo kwa mfuatano, kueleza ofisi gani ilichora ipi na kwa agizo la nani, ni wa kada gani?

Vyuo navyo vina lawama yao. Mwanafunzi anaweza kumaliza shahada ya historia bila kugusa jalada halisi na bila kumhoji mzee hata mmoja, akiwa amesoma maelezo ya mhadhiri yaliyodurufiwa kwenye vibanda vya stesheneri nje ya geti. Akienda kwenye usaili na kuulizwa anaweza nini, hutaja mada alizosoma. Wale wa 1968 wangeulizwa swali hilo wangefungua daftari.